Abdulghafur wa Mofa na Sinia la Kurudi

Mitaa ya kisiwa hiki nimeitembea sana, kwa kuwa miguu yangu haikupata kunisikia nikiiambia itulie, na mengi nimeyaona. Lakini mtu wa kushangiliwa kila akifilisika, kisha akashangiliwa tena akirudi, mpaka mafundi wakaacha kazi zao wakaja kumtazama, nimemwona mmoja tu: Abdulghafur wa mofa. Nami nilikuwa hapo hapo, kibaba mkononi, kwa hivyo haya sikuhadithiwa.

Abdulghafur alikaa Kibokoni, nyumba ya mlango mfupi ambayo ukiingia bila kuinama wagonga paji. Uani kwake palikuwa na tanuri la udongo alilorithi kwa babake. Alikuwa mfupi, mpole, na nyusi hana. Zilikwenda na moto zamani, hazikuota tena. Mkewe, Mwanaesha, ndiye aliyekanda, na Abdulghafur ndiye aliyebandika. Mofa ni mkate wa mtama, wa duara, hubandikwa ubavuni mwa tanuri ukaiva hapo hapo. Ukitoka ni moto, una uchachu kidogo, na ukiuvunja mvuke wakupiga usoni. Hapo upate mchuzi wa papa, basi huna haja ya kusema na mtu. Ila mofa ina tabia moja: ikipoa imekwisha. Yawa kigae.

Tabia hiyo ndiyo iliyomtia mashakani. Miaka ile ya mwanzo mwanzo ya uhuru watu wengi wa mjini walikuwa wakihamia Tudor, kwenye nyumba mpya za madirisha makubwa, na Abdulghafur akawafuata kwa miguu, kapu kichwani, limefungwa magunia ili lisipoe. Sasa toka Kibokoni hadi Tudor na kapu kichwani, na huku kila mtu njiani ataka kukuamkia, akuulize hali yako, ya mkeo, ya jirani yako, na wewe huwezi kumpita kama hukumwona. Mofa ikifika Tudor imeshakufa zamani.

Mteja wake mkubwa huko alikuwa Bi Mwanakuu, mama wa makamo ya kuheshimiwa, aliyehamia kwa mwanawe. Siku moja alilipokea kapu, akagonga mofa kwenye ukingo wa dirisha, ikalia ko, ko.

"Mwanangu," akamwambia, "mofa ya babako nimekula, yako nimekula. Lakini meno haya yaliyobaki nayahitaji. Ukiniletea kigae tena, wallahi naingia kwenye boflo la dukani kama wenzangu."

Abdulghafur alirudi mjini akanikuta barazani. Alikaa, akavua kofia, akaipuliza vumbi ambalo halikuwamo.

"Bi Mwanakuu akiacha, Tudor nzima itaacha," akasema. "Wote humtazama yeye ala nini. Na Tudor ikiacha, tanuri nalizima. Hapa mjini wamebaki wangapi wa kula mofa kila siku? Nahitaji baiskeli, yakhe. Baiskeli tu, wala si jengine."

Na baiskeli ilikuwako. Kamaludin, muuza leso wa Biashara Street, alikuwa amenunua pikipiki, na baiskeli yake ya zamani, nyeusi, nzito, ina kapu la chuma mbele na keria pana nyuma, akasema ataitoa zawadi kwa atakayeshinda poka ya mwaka ule.

Hiyo poka aliileta Joab. Joab alikuwa fundi wa reli, mtu wa bara, kwake Makupa, lakini kila akipata nafasi alikuja kukaa Kibokoni, mpaka akawa yuaamkia kama sisi, sabalkheri yake ndefu kupita ya wenyewe. Akatufundisha: karata tano kila mtu, usizozitaka wazibadilisha, karata mbili za namba sawa ni pacha, pacha yashinda karata pweke, na tatu za namba sawa zashinda pacha. Baadaye kila mtu asukuma mbele anachoweza, na asiyeweza kukifuata azitupa karata zake. Pesa hatukucheza. Tulicheza komwe, hizi hizi za bao.

Na taratibu zetu zilikuwa hivi. Kila mchezaji alianza na kibaba kimoja cha komwe, na mpimaji nilikuwa mimi, kwa kuwa karata sizipendi na upande sina. Kila mgao, kabla ya karata kutolewa, kila mtu huweka kianzio: asubuhi komwe moja, baadaye mbili, baadaye nne, yaenda ikipanda jinsi siku ipandavyo. Aliyeishiwa kabla ya adhuhuri aliruhusiwa kurudi. Hutuma kwake, likaja sinia la chakula, nami nikampimia kibaba kingine. Chakula chenyewe huliwa na kila aliyepo, hata mpita njia. Adhana ya adhuhuri ikilia, kurudi kumekwisha. Ila hapo, kwenye mapumziko, aliye bado mkekani akileta sinia moja nampimia vibaba viwili, mara moja tu. Hiyo tuliiita nyongeza. Baada ya hapo, kama unazo unazo.

Wazee wengine walinuna, wakasema karata ni karata hata ukila wali juu yake. Maalim Taib, aliyesomesha chuo cha Kurani cha mtaa, alipita akatutazama sote mmoja mmoja, akasema, "Adhana ikilia nataka kuwaona safuni, si hapa," akaenda zake.

Lakini kubwa lilikuwa aibu. Sinia la kurudi halikupita kimya. Lilifunikwa kawa, likatoka kwako juu ya kichwa cha mtu, likapita vichochoro vyote, na kila dirisha likajua kuwa bwana wa nyumba ile kaishiwa. Wanawake walilipigia vigelegele vya kejeli. Kwa hivyo waume wengi walikuwa radhi wafe na komwe zao chache kuliko kutuma sinia.

Abdulghafur mwaka uliotangulia alikuwa mmoja wao. Alikishika kibaba chake kama mtu aliyepewa amana, karata nzuri akizitupa, mbaya akizitupa. Kutwa hakushindwa na mtu. Alishindwa na kianzio. Kibaba kilichokuwa chungu nzima asubuhi, kufika alasiri, kianzio kikiwa kimepanda, kilikuwa ni cha kuingilia migao michache tu, kikaisha hivyo hivyo, polepole, bila ya yeye kucheza hata mara moja.

Safari hii Mwanaesha alimkalisha uani tangu alfajiri, tanuri likiwashwa. Nilikuwa nimekwenda kuchukua mkate wangu, nikayasikia yote.

"Mume wangu, tukiwasha tanuri, mkate wa kwanza twaufanyani?"

"Twaubandika kupima moto."

"Ukianguka jivuni?"

"Twautupa."

"Twaulilia?"

"Mkate mmoja, wa kulia?"

"Basi komwe za asubuhi ndizo mkate huo. Zimwage. Ukipata rundo, umepata rundo kubwa mapema, nao hawakufikii. Ukikosa, mimi niko hapa na unga. Komwe zauzwa kwa mkate mpaka adhuhuri, bwana. Baada ya adhuhuri hata ukileta tanuri zima hupewi moja."

"Na watu watanionaje?"

"Watu watakuwa watafuna mkate wangu. Nataka nimwone atakayecheka mdomo umejaa." Akafunua chungu cha unga uliokandwa. "Lakini sikiza. Huu ndio mtama wote tulio nao, na wa kuuza kesho na kesho kutwa umo humu. Watoa masinia manne. Matatu rudia utakavyo. La nne usiniombe asubuhi hata ukilia. La nne ni la nyongeza."

Jumapili hiyo waliketi sita. Watatu walikuwa vijana wa mtaa ambao hawatatuchelewesha. Wa nne ni Joab, wa tano Abdulghafur, na wa sita Jamaldin, sonara. Jamaldin alikuwa mtu wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yasimama, vidole virefu, macho yaliyozoea kupima vitu vidogo. Baiskeli hakuihitaji hata chembe, duka lake na nyumba yake vyatazamana. Yeye hakuwahi kushindwa kitu mbele za watu, basi.

Baiskeli ilisimamishwa ukutani, imepakwa mafuta, yang'aa. Abdulghafur aliitazama mara moja, kisha hakuitazama tena.

Mgao wa kwanza kabisa, watu hawajapiga hata funda la kahawa, Abdulghafur akakiinamisha kibaba chake chote katikati ya mkeka. Komwe zikamwagika wararara! Tukaruka. Mwaka mzima tulimjua kuwa ni mtu wa kushika, na huyu hapa kamwaga zote kwa mgao mmoja! Joab akamfuata. Wakafunua. Abdulghafur alikuwa na pacha, Joab pacha kubwa zaidi.

"Mwanaesha!" akaita Abdulghafur. "Sinia!"

Lilikuja kama lililokuwa langoja mlangoni, na kwa kweli lilikuwa langoja mlangoni. Kawa likaondolewa, mvuke ukapanda, na harufu ile ikaingia vichochoroni ikaita watu kuliko mpiga mbiu. Vigelegele vikapigwa madirishani, vya kejeli.

"Abdulghafur," Joab akasema huku avunja mofa, "umekuja kucheza ama kufungua hoteli?"

"Kula, Joab. Maneno utayapata baadaye."

Nikampimia kibaba cha pili. Safari hii akawala vijana wawili komwe nyingi kwa mpigo, rundo likawa mbele yake kama la muuza kunde, watu wakaanza kusema heee! Migao miwili baadaye akalimwaga lote, likaenda kwa Jamaldin. "Sinia!" Likaja la pili. Sasa watu walikuwa wametoka Ndia Kuu, wametoka sokoni, mwengine ana nyundo bado mkononi, na vigelegele vya madirishani vilikuwa vimebadilika, kejeli imetoka, furaha imeingia. Akamwaga tena, akashinda kidogo, akashindwa kingi. Sinia la tatu lilipotokea kwenye kona watu wenyewe wakalipokea kwa sauti moja: "Karudi! Karudi! Karudi!"

Jamaldin akapangusa vidole, ingawa hakuwa amekula.

"Huyu hachezi," akasema. "Huyu yuanunua."

"Nawe mbona huuzi?" Joab akamjibu. "Komwe zako zimeota mizizi?"

Watu wakacheka, na Jamaldin akacheka nao kwa midomo tu.

Basi adhuhuri ikawa yakaribia. Kibaba cha tatu cha kurudi nacho kilikuwa kimeenda na maji, na Abdulghafur amebakiwa na komwe za kujaza kiganja, haba hasa. Ukagawiwa mgao. Joab akasukuma rundo mbele, akamkazia macho. Abdulghafur akazitazama karata zake, akazikunja kifuani. Mimi niliketi nyuma yake, nikaziona: ree mbili, ya kopa na ya pau. Hakuna pacha ipitayo hiyo.

"Mwaga!" watu wakapiga kelele. "Mwaga, Abdulghafur! Tuna njaa!"

Alikaa. Kisha akazilaza karata mkekani, kifudifudi, akazisukuma kando. Katupa.

Kelele iliyotoka hapo! Joab naye, kwa uchokozi, akafunua zake: hana kitu. Karata pweke tano, hazijuani hata kwa jina. Kijana mmoja akazipindua za Abdulghafur, watu wakajishika vichwa. Mzee mmoja akasema, "Asubuhi yote amwaga takataka, sasa azitupa ree!" Na adhana ikalia.

Tulipokuwa tukitia udhu nilimwuliza. Nilikuwa na uchungu kama zangu.

"Ree mbili, Abdulghafur. Ree mbili!"

"Najua." Alikuwa ajiosha miguu polepole. "Pengine zingeshinda. Lakini hebu tazama, yakhe. Sinia limebaki moja. Ningefilisika pale, sinia hilo lingekwenda kunirudisha, nikaingia mchana na kibaba kimoja, bila nyongeza. Kwa kuwa nimebaki, hata kwa kiganja hiki, sinia lile lile lanipa vibaba viwili. Asubuhi komwe hizi sikuzihesabu kuwa kitu. Sasa hivi kiganja hiki ni sinia zima. Waona?"

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona. Niliona kweli baadaye, nikiwa rakaa ya pili, Mungu anisamehe.

Tuliporudi masinia ya nyongeza yalikuwa yafika. Eddah, mkewe Joab, alikuwa uani kwa Mwanaesha tangu asubuhi, na sinia lake la samaki wa kukaanga likatoka mlango mmoja na la nne la mofa. Nikawapimia vibaba viwili viwili. Vijana wawili waliosalia nao wakapata. Akabaki Jamaldin, ambaye rundo lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote pale.

"Bwana Jamaldin, nyongeza?"

"Mimi?" Akalitazama rundo lake, akanitazama. "Nyongeza ni ya walioishiwa."

"Ni ya kila mtu. Sinia moja, vibaba viwili. Bei hii hutaipata tena."

Akanisogelea sikioni. "Sinia likitoka kwangu lapita Mkanyageni, mlangoni kwa mkwe wangu. Huketi barazani kutwa. Akiona kawa langu lapita leo atasema nini? Kwamba kamwoza binti yake mtu aombaye komwe?"

"Lakini hukuishiwa, wala huombi."

"Yeye atajuaje? Kawa ni kawa."

Hakuwa afanya mzaha. Nikakiweka kibaba chini.

Mchana ule sijui niusimulie vipi, maana nikiukumbuka mikono yangu yataka kuruka. Kianzio kilikuwa kimepanda mpaka kibaba kizima kilikuwa si kitu tena. Mtu akikaa migao michache bila kucheza ajiona mwenyewe apungua kama barafu. Wale vijana walikwenda mmoja baada ya mwengine, komwe zao zikigawanyika huku na huku. Abdulghafur sasa alikuwa mtu mwengine kabisa. Hamwagi ovyo, hashiki ovyo. Atupa, atupa, atupa, kisha ghafla wararara! na mwenzake azitupa kwa hofu. Joab akamkabili kwa rundo lake lote, akicheka, kwa sababu Joab hakujua kucheza bila kucheka. Abdulghafur akafunua saba tatu.

"Nimekufa," Joab akasema, akajilaza chali. "Eddah! Niletee mofa, nife nimeshiba."

Wakabaki wawili. Marundo yao ukiyatazama ni sawa, la Abdulghafur limezidi kidogo, na wala hukuweza kusema kidogo gani. Watu walikuwa wamepanda juu ya baraza, wamepanda mabegani mwa wenzao, na hapo ndipo mkwewe Jamaldin naye alipotokea, mzee wa bakora na kilemba, kelele zimemfikia huko Mkanyageni zikamwinua. Wakampisha, akaketi mbele, akapewa mofa.

Jamaldin akamwona. Akajinyoosha. Karata zikagawiwa, zikabadilishwa, akalisukuma rundo lake lote kwa mikono miwili.

"Zote," akasema.

Abdulghafur alifikiri, kisha akazifuata. Akafunua pacha ya kumi. Jamaldin akafunua taratibu, moja moja, kama aonyeshaye mkufu: nane, nane, na nane nyengine.

Mayowe yakapigwa, watu wakasimama, Kamaludin akaenda kuiondoa baiskeli ukutani. Mwanaesha alikuwa dirishani; nilimwona akifunga macho. Jamaldin alikuwa ameshanyoosha mkono kuushika usukani.

"Ngojeni!" nikasema. Sauti yangu si ya kupiga kelele, lakini siku ile ilitoka. "Ngojeni nipime!"

Nikapima zilizomwagwa na Jamaldin, kibaba kwa kibaba, na kila kibaba chake nikatoa kibaba cha Abdulghafur. Za Jamaldin zikaisha. Za Abdulghafur zikabaki. Nikazikusanya zilizobaki, nikatia kwenye kibaba: kikajaa mpaka mdomoni. Nikamimina, nikatia tena: kikajaa. Viwili. Viwili kamili.

Joab akaruka kutoka pale alipokuwa maiti.

"Nyongeza!" akapiga kelele. "Hizo ndizo nyongeza! Jamaldin, ungezichukua nawe mngelingana! Ungekuwa umemmaliza, bwana!"

Wakaelewa wote kwa pamoja, na kelele iliyopanda hapo nadhani waliisikia hata walioko melini bandarini. Jamaldin alirudi mkekani na kanzu yake, lakini ile mikunjo iliyosimama ilikuwa imeanza kulala.

Vibaba viwili dhidi ya mlima. Abdulghafur akavimwaga vyote mgao wa kwanza. Jamaldin akafuata bila kutazama vizuri, ataka kumaliza upesi. Pacha ya sita ikamshinda. Vikawa vinne. Akamwaga tena vinne. "Karudi!" watu wakaanza. Vikawa vinane. Sasa Jamaldin akasita, karata zake mkononi, na mtu mmoja nyuma yake akamnong'oneza, "Zitupe hizi, ngoja nzuri, bado una nyingi."

"Nimtupie huyu?" Jamaldin akasema kwa sauti. "Mbele ya mzee? Mtu wa masinia?"

Akafuata. Akashindwa. Mlima ukahama upande. Mgao wa mwisho alizisukuma zilizobaki, chache, na Abdulghafur akafunua pacha ya nne, kitu kidogo hata aibu kukionyesha. Jamaldin hakuwa na hata hicho.

Sikumbuki nani alimwinua Abdulghafur, nakumbuka tu kwamba nyayo zake zilipita usawa wa macho yangu, na kwamba vigelegele vya madirishani vilidumu mpaka wanawake wakapwelewa na sauti. Jamaldin aliketi, ameinamisha kichwa mbele ya mkwewe.

"Mzee, niwie radhi."

"Radhi ya nini?" Mzee alikuwa na mofa mkono huu na samaki mkono huu. "Mimi hasira yangu ni moja. Binti yangu aliniambia amepika biriani, iwapo utataka sinia. Nimekaa barazani tangu asubuhi nangojea kawa lipite nilifuate. Kutwa nzima, Jamaldin! Hata harufu!"

Hapo Jamaldin mwenyewe alicheka, safari hii kwa tumbo, mpaka akajifuta machozi kwa ile kanzu.

Kamaludin akamkabidhi Abdulghafur baiskeli. Watu wakafungua njia. Abdulghafur akaushika usukani, akasimama. Akasimama tu.

"Panda basi!" wakamwambia.

Akamtazama Mwanaesha, dirishani.

"Mke wangu," akasema, "sijui kupanda."

Mwaka mzima alikuwa ameiota baiskeli, na si yeye wala sisi hakuna aliyekumbuka kuuliza. Joab akaikamata kwa nyuma, kwenye keria. "Panda, nakushika." Akapanda. Akenda kidogo, akamwangukia muuza kahawa. Akainuka. Na kichochoro kizima, toka chini hadi madirisha ya juu, kikaitikia: "Karudi!" Akapanda. Akaupiga ukuta. "Karudi!"

Jumatatu hakuuza mkate, kwani mtama wote tulikuwa tumeula sisi. Kutwa alishinda uwanjani akianguka, na Joab, aliyekuwa na zamu ya jioni, akikimbia nyuma yake amevaa nguo za kazi. Mwanaesha alinunua mtama mwengine, akakanda.

Siku ya kwanza aliyopeleka mkate, mimi nilitangulia Tudor kwa miguu, nikakaa chini ya dirisha la Bi Mwanakuu, maana nilitaka kuona. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Kengele ya baiskeli ilisikika kabla yake yeye kuonekana, aipiga mfululizo, kwa kuwa kusimama alikuwa hajajifunza bado. Alikuja ameinama juu ya usukani, kapu la chuma limefunikwa magunia, goti moja lina damu, watu aliowapita aliwaamkia akipita na salamu ikamalizikia hewani. Alisimama kwa kuugonga mti wa ua. Mkate haukumwagika.

Bi Mwanakuu alikuwa ameshafungua dirisha. Akachukua mofa moja, akainua mkono kuigonga kwenye ukingo kama alivyozoea, kisha akaibadilisha mkono upesi upesi, huu, ule, huu. Akaivunja. Mvuke ukampiga usoni, miwani yake ikapata ukungu, na nyuma ya ukungu ule nikamsikia asema:

"Umeniunguza, mwanangu. Umeniunguza! Nipe nyengine."